Muulize Anko: Mbona malibetariani walimnunia Kavanaugh?

SWALI: Anko shikamoo. Hapa kijiweni Sinza kuna jamaa anakomaa kwamba malibetariani wa Marekani, wale wa "serikali ituache", ni wahafidhina tu waliobadili jezi. Mimi nabisha, mbona Trump alivyomteua Brett Kavanaugh kwenda Mahakama ya Juu 2018 wengine walinuna? Nani yuko sahihi?
– Mbishi wa Sinza

JIBU: Marahaba. Usimcheke sana mwenzio, ana pointi yake. Iko hivi, libetariani haangalii jaji ni wa chama gani, anaangalia serikali ataiachia iingie mpaka wapi, na kwa Kavanaugh ilikuwa nusu kwa nusu. Mambo ya biashara walimpenda, maana hakutaka mamlaka za serikali zijitafsirie sheria zenyewe halafu mahakama ziitikie tu.

Shida ikawa simu. 2013 Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi na majasusi wa Marekani, alimwaga siri kwamba NSA, shirika lao la ujasusi wa mawasiliano, inazoa rekodi za simu hata za watu wasio na kosa, yaani sio mliyoongea ila namba gani imeipigia ipi, saa ngapi, dakika ngapi, hebu fikiria mtu anajua saa nane usiku ulimpigia nani mkakaa hewani dakika arobaini, hajasikia neno ila ashakusoma wewe mzima. Kesi ikafika mahakama ya rufaa Washington, na Novemba 2015 Kavanaugh akaandika kwamba haivunji katiba, usalama wa taifa unazidi hiyo faragha. Hapo ndo alipowaudhi. Justin Amash, wakati huo mbunge wa Michigan mwenye msimamo wa kilibetariani (wa Baraza la Wawakilishi, sio Seneti), akasema wazi huyu sio Gorsuch mwingine, hata hamkaribii. Neil Gorsuch ni jaji aliyeteuliwa na Trump kwenda mahakama hiyo hiyo 2017, na Aprili 2018 aliwashangaza wahafidhina alipoungana na majaji waliberali, yaani wa mrengo wa kushoto, sio malibetariani, kuzuia mhamiaji asifukuzwe nchini kwa sheria isiyoeleweka vizuri.

Ila Amash hakuwa na kura. Huku kwetu Rais akiteua jaji anaapishwa, tunaona picha za Ikulu, imeisha hiyo, kule Seneti ndo inapiga kura na jaji anakaa mpaka afe au achoke mwenyewe. Mwenye kura alikuwa Seneta Rand Paul wa chama cha Trump, Republican, naye ana msimamo wa kilibetariani, alilalamikia hayo hayo ya faragha, wakakutana, Julai 30 akatangaza anamuunga mkono. Kavanaugh akapita Oktoba 6, 50 kwa 48. Mi naona Paul alifyata mkia, chama chake kilikuwa na viti 51 tu kati ya 100, pale angeweza kubana kweli kweli.