Jibu: Kani kati ya chaji mbili, kwa nini 0.6 na si 0.18

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini chaji za mikrokulombi 2 na 3, zilizoachana sentimita 30, zinakupa nyutoni 0.18 ilhali kitabu kinasema 0.6. Kanuni ya Coulomb, inayotoa kani ya umeme kati ya chaji mbili, ni sehemu: juu ni 9×10⁹ mara chaji zote mbili (kwa kulombi, kipimo cha chaji; mikrokulombi ni sehemu moja ya milioni yake), chini ni umbali (kwa mita) mara umbali. Juu uko sawa kabisa, 0.054. Chini umegawanya kwa 0.3, lakini umbali unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo ni 0.09, na 0.054 kugawa kwa 0.09 ni 0.6. Hapo ndipo utamu wa kanuni hii ulipo: zisogeze ziwe sentimita 15, kani inapanda hadi 2.4, mara nne!

Na ile kalamu uliyosugua kwenye nywele ikakataa kuinua karatasi, usiilaumu kanuni. Hewa yetu ya Malindi ina unyevu mwingi, chaji inavuja upesi. Jaribu kwenye chumba chenye eisii (kiyoyozi), nywele kavu, karatasi uichane vipande vidogo sana.