Kwa mnaoanza kazi wadi ya macho

Mnaoingia wadi ya macho mara ya kwanza mtadhani kazi ngumu iko thieta. Mimi ni nesi hapa Nairobi, na aibu yangu kubwa niliipata siku ya kufungua bandeji.

Mzee alikuwa amekwaruzwa na jani la mahindi, akatiwa dawa za kienyeji, kidonda kikatoboa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Alipofika jicho limejaa usaha, hata mwanga wa tochi haoni. Daktari alikwangua vyote vya ndani, akaacha ukuta mweupe na misuli yake, akaweka tufe la silikoni, sisi huliita gololi, akashona. Mimi nilikuwa nimewaambia tu, "Atawekewa jicho lingine." Bandeji ilipotoka, binti yake aliona nyama nyekundu na ganda la plastiki linaloonyesha. Akaniuliza polepole, "Sista, hilo jicho liko wapi?"

Siku hizi naeleza mapema, gololi nikiwa nayo mkononi. Hii inazikwa chini ya nyama, inajaza shimo na kusogezwa na misuli. Jicho bandia lenye rangi linatengenezwa uvimbe ukiisha, kama wiki 6 hadi 8. Lile ganda linashikilia nafasi yake. Likianguka lisitupwe, wakuje nalo kliniki.

Wengine hukataa katakata jicho kutolewa. Usibishane. Ziba lile zima vizuri, mulika bovu, mwache mgonjwa ajibu mwenyewe kama anaona mwanga, familia ikisikia.

Ndani ya jicho kusipoonekana kabla ya upasuaji, uliza kama altrasaundi imefanywa, maana saratani iliyojificha ikikwanguliwa husambaa. Na alama ya upande wa jicho litakalopasuliwa ichorwe juu ya nyusi mgonjwa akiwa hajalazwa usingizi, athibitishe yeye.

Mtasikia madaktari wakivutana: gololi iwekwe siku hiyohiyo au usaha ukauke kwanza? Zamani walisubiri, sasa wengi huweka papo hapo kama ukuta haujaoza. Hayo waachieni. Nyinyi angalieni mshono. Ukiachia, gololi ikaanza kuchungulia, mwite daktari siku hiyo, si kliniki ijayo.

Kitu kingine tunachosahau ni miwani ya kukinga, hata kwa asiyehitaji miwani ya kusomea. Yule mzee aliondoka bila, nikamkimbilia hadi stendi ya matatu. Amebaki na jicho moja, na kwao ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi.