Unaenda kuteleza kwenye theluji mara ya kwanza? Usione haya kuitwa mwanafunzi

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Anakwenda kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kufungwa miguuni, kwa mara ya kwanza, na wenzake wamemhakikishia kwamba mwalimu ni kupoteza hela, watamwelekeza wao wenyewe. Swali lake kwangu: anunue koti gani? Ndugu yangu, koti lolote lisilopitisha maji litakufaa, hata la kukodi. Hao wenzako ndio wa kuwaogopa.

Nawajua, maana nilisafiri na watu wa aina hiyohiyo. Kabla hatujafika mlimani walishapanga kwamba asubuhi ya kwanza sote tupande lifti ya viti hadi juu. "Utajifunza wakati wa kushuka," wakaniambia. Nikakataa. Nikajiandikisha darasa la wanaoanza, nikavaa helmeti, nikabaki kwenye mteremko mdogo pamoja na watoto wanaonifika kiunoni. Jioni, mezani, kichekesho kikawa mimi. "Mtoto wa chekechea karudi!" Nilicheka nao, lakini haikunipendeza, na mpaka leo nikikumbuka hainipendezi.

Sasa niacheni nijisifu kidogo. Katika darasa lile tulifundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kwenda. Unaangukia ubavu, upande wa juu wa mlima, na fimbo unaiachia, kwa sababu fimbo ikibaki kiganjani mkono unapogonga chini, kano ya kidole gumba huweza kuchanika. Na ukiona unaanguka, anguka. Anayejikaza akakalia visigino ili asianguke ndiye anayepindwa goti. Baada ya hapo ndipo tukajifunza kupunguza mwendo: ncha za mbele za skii zikaribiane, za nyuma zitanuke, mfano wa kipande cha pitsa. Tulirudia zoezi hilo mpaka mapaja yakawaka moto. (Kwa hiyo anza kuchuchumaa na kuinuka nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari. Utanishukuru.)

Kabla safari haijaisha nilishuka njia nzima yenye alama ya buluu (rangi hizo nazieleza chini) bila kuanguka. Siku hiyohiyo yule aliyenibatiza jina la chekechea alishushwa na waokoaji, amefungwa kwenye machela ya kuburuzwa, goti limevimba. Sikufurahi. Basi, nilifurahi kidogo tu.

Kwa maoni yangu, aliumia siku ile alipojaza fomu. Kwenye duka la kukodisha vifaa fundi anakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako, kisha anaangalia urefu wa soli ya buti. Anachukua bisibisi, anazungusha skrubu polepole, na kwenye kidirisha kidogo juu ya kifungio kinachoshika buti kwenye skii namba inasogea. Hiyo namba ndiyo inayoamua ni nguvu kiasi gani itafanya buti lifyatuke kutoka kwenye skii ukianguka. Mwenzangu, kwa kuwa sote tulikuwa tunasikiliza, akajiandika mtu wa kasi, mzoefu. Namba ikapanda. Alipoanguka, skii haikufyatuka, ikaupeleka mguu ilikokwenda yenyewe. Wengine nao huona haya ya kilo zao wakazipunguza, na skii huwafyatuka miguuni katikati ya kona bila sababu. Jamani, kwa fundi yule semeni kweli kama mnavyosema kwa daktari!

Hapohapo dukani pima buti vizuri. Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo, na kisigino kisinyanyuke. Soksi ni moja, nyembamba, ya sufu au ya sintetiki. Ukivaa mbili zinajikunja, zinabana damu, na miguu inazidi kuganda. Nguo za pamba ziache kabatini, hushika jasho na kukupoza.

Jua nalo msilidharau kwa sababu ya baridi. Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila upandapo mita 1,000. Vaa miwani hata kukiwa na mawingu, na upake mafuta ya kukinga jua mpaka chini ya kidevu.

Rangi za njia zisikudanganye pia. Ulaya njia ya buluu ni rahisi. Marekani wanaoanza huanzia kijani, na buluu ni ya wenye uzoefu wa kati. Popote utakapokuwa, aliye mbele yako chini ya mteremko ana haki ya njia, wewe unayetoka nyuma ndiye wa kumkwepa. Ukitaka kupumzika, simama pembeni.

Mwisho bima. Italia tangu 2022 huruhusiwi kuteleza kwenye njia zao bila bima ya kufidia utakayemuumiza, na tangu Novemba 2025 helmeti ni lazima kwa kila umri (wale wa mezani sijui sasa wanacheka nini). Bima yako isome kabla ya kulipa: je, inagharamia helikopta ya uokoaji? Na ukitoka nje ya njia zenye alama, bado inakulipia? Nyingi hazilipi. Wewe anayeanza huko nje huna shughuli nako, ndiko kwenye maporomoko ya theluji, na hao watakaokuita "njoo tu, ni karibu" waambie watangulie.