Maadili Ndani ya Somo la Kiingereza: Ushauri kutoka Lamu

Mhadhiri wa Kiingereza anayetaka kufunza maadili namshauri atafute kwanza matini yenye mgogoro wa kweli, kwani wanafunzi wa chuo kikuu ni watu wazima, na ukiwahubiria uadilifu saa nzima watakuitikia huku macho yao yakiwa kwenye simu.

Mimi hutumia uamuzi wa tarehe 26 Juni 2019, ambapo jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Uamuzi huo unasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law, Kiingereza chake ni kizito kiasi cha kumtoa mwanafunzi jasho, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo; ushirikishwaji huo umo katika Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, kinachotaja maadili ya kitaifa.

Kila kundi huandika barua katika hati moja ya mtandaoni, wengine wakitetea mtambo na wengine wakiupinga. Sharti ni kwamba kabla ya kumjibu mpinzani, uieleze hoja yake kwa Kiingereza mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Hapo usemi wa taarifa na viunganishi vya kukubali na kupinga hufundishika bila kulazimishwa. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliangukia upande wa mtambo akaniandikia kando, "Mwalimu, nihamishe, baba atanionaje?" Sikumhamisha. Aya yake kuhusu ajira za vijana ndiyo iliyowasumbua wapinzani kuliko zote.

Historia ya marekebisho ya hati huonyesha nani ameandika nini. Aya nzima ikizuka kwa mkupuo mmoja, humwomba mwandishi anieleze kwa ujumbe wa sauti alivyoifikia. Akili unde nairuhusu, mradi itajwe. Mijadala ya video usiitegemee: bando ni ghali na mtandao visiwani hukatika, ujumbe mfupi wa sauti kwenye WhatsApp unatosha.

Alama hutoa kwa lugha na kwa jinsi mwandishi alivyomtendea haki mpinzani wake. Msimamo sitoi alama, na anayetetea makaa ya mawe kwa hoja nzuri hupata za juu, ingawa mimi binafsi niliufurahia uamuzi ule.