Waliobatizwa Walipoua Kanisani: Je, Ni Shetani Aliyewaingia?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nilikwenda Rwanda na kwaya yetu, tukapelekwa Ntarama, kwenye kanisa ambamo watu waliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Niliona nguo za marehemu zimetundikwa humo ndani. Tukiwa njiani kurudi, mwinjilisti wetu akasema wauaji wale hawakuwa Wakristo wa kweli, ni Shetani aliwaingia. Sijaridhika. Walibatizwa kama mimi. Na Mungu alikuwa wapi? Tangu siku ile nikiingia kanisani naomba kwa shida.

JIBU: Amina, dada yangu. Pole kwa mzigo uliorudi nao. Mimi pia siridhiki na jibu ulilopewa, ingawa najua mwinjilisti alitaka kuwafariji.

Shetani yupo, Maandiko yako wazi. Lakini Kaini alipomuua ndugu yake, Mungu hakumuuliza Shetani. Alimgeukia Kaini: "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Hata baadhi ya wauaji wa Rwanda, walipofikishwa mbele ya majirani zao kwenye mahakama za kijijini zilizoitwa gacaca, walisema Shetani aliwadanganya. Tukiwasaidia kusema hivyo, tunawavua dhambi ambayo Mungu mwenyewe ameiacha mikononi mwao. Yesu alisema uuaji hutoka ndani, moyoni mwa mtu (Marko 7:21).

Hilo la kwamba hawakuwa Wakristo wa kweli linanisumbua zaidi, maana linatutoa sisi kwenye kesi. Rwanda ya mwaka 1994, karibu watu tisa kati ya kumi walijiita Wakristo. Watu walikimbilia makanisani kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma waliofika humo walisalimika. Safari hii kanisa likawa mtego.

Chukua Nyange, magharibi mwa nchi. Watutsi wapatao 1,500 walijificha katika kanisa la parokia. Tarehe 16 Aprili likaletwa katapila, likalibomoa jengo juu yao. Padri wao, Athanase Seromba, alishtakiwa Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mwaka 2008 majaji wa rufaa wakampa kifungo cha maisha. Walijiridhisha kwamba alikubaliana na ubomoaji ule na kumwonyesha dereva upande dhaifu wa kanisa. Padri aliyekuwa akiwapa watu wale ekaristi! Wala msidhani ni Wakatoliki tu. Mchungaji Msabato wa Mugonero, Elizaphan Ntakirutimana, naye alihukumiwa hukohuko Arusha mwaka 2003.

Mambo haya hayakuanza Aprili. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali alikaa katika kamati kuu ya chama tawala. Redio ya RTLM, iliyochochea chuki, iliwaita Watutsi mende, na waliosikia walikuwemo waimbaji, wazee wa kanisa na walimu wa Jumapili. Mtu hafiki kwenye panga kwa siku moja. Hufika baada ya kuzoea kusikia jirani yake akitukanwa huku akinyamaza. Hapo ndipo natamani makanisa yetu yajichunguze, hasa wakati wa uchaguzi, tunaposikia kabila fulani likisemwa vibaya nje ya ibada na hakuna anayekemea.

Lakini palikuwa na waliokataa. Katika mji wa Gisenyi alikuwepo Felicitas Niyitegeka, Mhutu, yaani wa kabila la wengi wa wauaji, mlei aliyejitoa kwa utumishi. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Akamjibu kwamba ni afadhali afe pamoja na watu 43 aliokuwa akiwatunza kuliko kupona peke yake. Waliuawa tarehe 21 Aprili. Alizaliwa nchi ileile, akasali sala zilezile, na aliishi chini ya vitisho vilevile. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wale wengine hawakuwa na njia. Walikuwa nayo, ila ilikuwa na gharama kubwa mno.

Umeuliza Mungu alikuwa wapi. Sitakudanganya kwamba najua kwa nini hakulisimamisha lile katapila. Ninachokijua ni kwamba Yesu aliletewa habari inayofanana na hii: Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu, damu yao ikachanganyika na sadaka zao (Luka 13). Hakusema Mungu alipanga. Alikataa kabisa kwamba marehemu walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawageukia walioleta habari akawaambia watubu. Baadaye Pilato huyohuyo alimsulubisha yeye. Na katika Mwanzo 4 damu ya Habili inamlilia Mungu kutoka ardhini, maana yake hakuna aliyezikwa Nyange au Ntarama ambaye Mungu hamsikii. Ndiyo maana siwezi kumwambia aliyenusurika asamehe haraka ili sisi tupumue. Haki yake inamhusu Mungu.

Kuhusu kuomba: usijilazimishe kuimba sifa kwa sasa. Soma Zaburi ya 88, ambayo haina hata mstari wa mwisho wa furaha, na bado ni sala. Endelea kushiriki Meza ya Bwana. Na mwombe mwinjilisti wenu mketi pamoja na kwaya, mzungumze upya mlichokiona.