Mfuatano au mfululizo wa protini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa Kisauni, Mombasa, nami naandika maelezo ya Kiswahili kuhusu programu za kompyuta zinazochunguza protini. Baadhi ya wenzangu wanasema programu hizo husoma “mfululizo” wa protini na kutabiri “muundo” wake. Wengine wanashikilia “mfuatano” na “umbo”. Tuandike vipi?

Jibu: Marahaba. Maneno yote manne ni Kiswahili safi, lakini hayana maana moja, na katika taaluma yako tofauti yake ina uzito.

Kufululiza ni kuendelea bila kukatika. Mvua ya masika hufululiza siku tatu, na hakuna anayeuliza ni tone lipi lililotangulia. Kufuatana kunadai zaidi, kwa kuwa kila kimoja kina nafasi yake, kikijua kilichokitangulia na kinachokifuata. Mtazame mwanamke wa Mji wa Kale anayetunga maua jioni: sindano hupita kwenye asumini mbili, kisha waridi, kisha asumini tena, na akikosea ua moja hulichomoa, kwani shada limeharibika ijapokuwa hesabu ya maua ni ileile. Protini hutungwa vivyo hivyo, kwa aina 20 za asidi amino. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, una asidi amino 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, mahali pa asidi ya glutamiki katika nafasi ya 6 huwa pameshikwa na valini, na badiliko hilo moja latosha kuzipinda chembe nyekundu za damu zikawa kama mundu. Kwa hiyo andika mfuatano. Hata BLAST, programu iliyotolewa mwaka 1990, kazi yake ni kuchukua mfuatano mmoja na kuulinganisha na mifuatano iliyohifadhiwa ili kuitambua inayofanana nao. Msururu nao, ambao pia nimeuona ukitumiwa, ni wa magari yanayongoja feri Likoni.

Muundo umetokana na kuunda, kazi ya fundi anayeunga ubao kwa ubao hadi jahazi likasimama. Hueleza jinsi sehemu zilivyoungana. Umbo limetokana na kuumba, nalo hueleza sura ya kitu kizima. Mnyororo wa protini hujikunja wenyewe, pasipo fundi, ukapata sura ya pande tatu, na sura hiyo ndiyo inayotabiriwa na AlphaFold, programu ya kampuni ya DeepMind ya London, kazi iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2024. Hapo napendelea umbo. Muundo ubaki pale unapoeleza jinsi atomu zilivyofungamana.

Vitenzi navyo vichunge. Programu haiundi protini, bali huunda modeli ya umbo lake, wala hailigundui umbo hilo, bali hulitabiri. Ndiyo maana AlphaFold huipa kila asidi amino alama kati ya 0 na 100 kuonyesha utabiri wa mahali hapo unaaminika kiasi gani. Basi sentensi yako iwe hivi: “Programu husoma mfuatano wa asidi amino na kutabiri umbo la protini.”