Msumeno wa umeme wa mkono: anayenyoosha mkato ndiye anayelinda vidole

Nianze na jambo linaloniumiza roho kila ninapopita kwenye karakana za mtaani: diski yenye meno ya kukatia mbao iliyofungwa kwenye grenda. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati msumeno wa bledi ya milimita 185 huzunguka mara 5,000 hivi. Grenda haina kitako cha kulalia mbao, na kinga yake, kama bado ipo, haikutengenezwa kwa ajili ya meno. Jino likinasa kwenye fundo, grenda inachomoka mikononi na kukimbilia pajani au usoni. Kama pesa ya msumeno wenyewe bado, kata kwa msumeno wa kawaida usiotumia umeme hadi ipatikane. Namwambia hivyo fundi mzoefu kama ninavyomwambia kijana anayejifunza.

Ukishaupata, elewa kwanza kwa nini msumeno humrukia mtu. Mbao ikiibana bledi, meno ya nyuma, yale yanayopanda juu, huuinua msumeno mzima na kuurudisha kwa aliyeushika. Mara nyingi fundi ndiye ameuandaa mbano huo: ameegemeza mbao kwenye stuli mbili huku na huku, akakata katikati, mbao ikazama na mkato ukajifunga. Misonobari mibichi inayoshuka kutoka Mafinga inaweza kubana hata ikiwa imelazwa vizuri, kwa kuwa hujipinda kadiri unavyoipasua.

Kwa hiyo upande unaobaki ulale imara, na kipande kinachokatwa kiwe huru kudondoka. Ila plaiwudi ya futi 4 kwa 8 mimi naitandaza sakafuni juu ya mbao nne za inchi mbili kwa mbili, mbili kila upande wa mkato, ili pande zote zibaki zimelala. Simama pembeni kidogo, usikae nyuma ya bledi. Ukisikia mota inalemewa, achia swichi na utulie hadi bledi isimame. Usiuvute nyuma ikiwa bado inazunguka. Kwenye mpasuo mrefu, zima, chomeka kabari ndogo kwenye mkato, ndipo uendelee.

Sasa mkato kunyooka. Usiamini macho, hata kama umefanya kazi hii miaka mingi. Tengeneza kiongozi chako mwenyewe, yaani ubao wa kuuongoza msumeno: chukua plaiwudi ya milimita 6, upana wa sentimita 30 au zaidi, na juu yake kaza ukanda wa plaiwudi ya milimita 12 wenye ukingo wa kiwandani, kwa maana huo ndio ulionyooka. Acha plaiwudi ya chini itokeze kupita upana wa kitako cha msumeno. Kisha egemeza kitako kwenye ukanda na ukate moja kwa moja. Bledi itaondoa ziada yote, na ukingo unaobaki utakuwa ndio mstari hasa ambao bledi hupita. Kuanzia siku hiyo unalaza ukingo huo kwenye alama ya penseli, unabana kwa klampu mbili, unakata. Hakuna hesabu, na mikono yote miwili iko kwenye msumeno. Ukibadilisha bledi kwa nyingine yenye unene tofauti, tengeneza kiongozi kingine.

Bledi inakula milimita 2 hadi 3 za mbao. Iweke upande wa kipande cha kutupa, la sivyo rafu tano za kabati moja zitakupunguzia sentimita moja au zaidi. Meno hukata kutoka chini kwenda juu, hivyo uso mzuri wa mbao utazame chini, nyuzi zipasukie upande usioonekana. Bledi ya meno 24 inatosha mbao za kuezekea. Kwa plaiwudi tafuta ya meno 40 hadi 60. Kina kiwe kiasi cha meno kutokeza milimita 5 chini ya mbao. Chomoa plagi kwanza, ndipo upime kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kama bledi imesimama wima juu ya kitako. Alama ya sifuri kwenye msumeno haitoshi.

Kinga ya chini isifungwe kwa waya wala kuzuiwa kwa kipande cha mbao. Ikiwa nzito kurudi, ina vumbi na utomvu, isafishe. Swichi isifungwe kwa utepe wa gundi ili ibaki imebonyea, maana umeme ukikatika na kurudi, msumeno utawaka wenyewe pale mezani. Waya wa ekstensheni ufungue wote kutoka kwenye roli, la sivyo utapata moto.

Mbao za maboksi na zilizotoka kwenye majengo yaliyobomolewa, kagua misumari kabla ya kukata.

Na ukinunua mtumba kutoka Uingereza, soma kibati cha maelezo kwenye msumeno. Misumeno mingi ya maeneo ya ujenzi kule, yenye plagi ya njano, ni ya volti 110. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu bila transfoma, mota inaungua. Marekani nako wanatumia volti 120, kwa hiyo ukaguzi ni uleule.

Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na vumbi la mbao kwa jumla limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Vaa barakoa ya vumbi na miwani. Glovu zilizolegea ziache, na mikono ya shati uikunje.